Kufundisha uchoraji na kuchora picha zako mwenyewe: jibu kwa mwalimu wa Moshi

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Ninafundisha somo la sanaa katika shule ya sekondari hapa Moshi. Jumamosi asubuhi nina darasa la watoto 14 nyumbani kwangu, na jioni mbili kwa wiki ninawafuata watu wazima wawili majumbani kwao. Nilisomea sanaa nikitaka kuwa mchoraji, lakini tangu nianze kufundisha sijamaliza picha hata moja ninayoweza kuiita yangu. Usiku nikishika brashi, mkono unachora kana kwamba nimesimama mbele ya darasa. Je, niache ualimu, au nikubali kwamba uchoraji umenipita?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nitatangulia kutoa jibu lenyewe, kisha nitaeleza sababu zake. Kwa sasa usiache ajira ya shuleni. Darasa la Jumamosi libaki, ila uliendeshe kwa namna nyepesi zaidi. Zile jioni mbili za kuwafuata watu majumbani zifikie kikomo mwisho wa mwezi huu. Uchoraji haujakupita hata kidogo, lakini ualimu, jinsi ulivyoupanga hivi sasa, unakula kile kile ambacho uchoraji unakihitaji, na hasara hiyo haiwezi kufidiwa kwa kukesha.

Walimu wengi wa sanaa wakilalamika juu ya jambo hili huanza kwa kuhesabu saa, na ni kweli saa ni chache. Hata hivyo wewe mwenyewe umeandika kwamba usiku unashika brashi, maana yake muda kidogo unapatikana, na bado picha haiji. Mchoraji akiwa kazini hufanya uamuzi mmoja baada ya mwingine: mstari huu uishie wapi, kijani hiki kipozwe kwa nyekundu kidogo au kiachwe kikali, anga ibaki tupu au iwekewe wingu. Mwalimu wa sanaa hufanya uamuzi wa aina hiyo hiyo tangu asubuhi, isipokuwa anaufanya kwa ajili ya picha za watu wengine. Ukipita kati ya madawati katika mikondo mitatu ya wanafunzi, kila karatasi inakudai jibu, na kengele ya mwisho inapolia jicho lako limekwisha kuchagua mambo mengi mno. Ndiyo maana mwalimu wa hesabu anaweza kurudi nyumbani akachora kwa furaha, ilhali wewe unarudi umechokea pale pale unapotakiwa kuanzia.

Jambo la pili ni hilo la mkono kuchora kama uko darasani, nami naliona zito kuliko uchovu. Mfano wa ubaoni lazima uwe wazi, uende haraka na uishe ndani ya kipindi. Chukua mgomba, ambao bila shaka wanafunzi wako wa Moshi wameuchora mara nyingi. Mwalimu huweka kwanza kijani cha kati jani zima, kisha kijani chenye njano upande wa jua, kisha kijani kilichokolea chini ya mshipa wa katikati, na mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa anaziona hatua zote tatu. Huo ni ufundishaji mzuri. Lakini nenda ukautazame mgomba wenyewe saa kumi na moja jioni, jani likiwa kati yako na jua. Mwanga unapenya ndani ya jani, na upande unaokutazama, ambao kwa kanuni ya darasani ungekuwa kivuli, unawaka kwa njano kuliko kitu kingine chochote shambani. Pale upepo ulipolichana kuna mikanda myembamba ya anga, ukingo umekauka ukawa na rangi ya tumbaku, na mshipa wa katikati unaonekana mweupe sehemu moja na karibu mweusi hatua chache mbele. Mambo hayo hayafundishiki kwa dakika 40, na hayo ndiyo yanayokungoja wewe.

Kwa hiyo tenga kabisa kazi ya mfano na kazi yako. Usichukue nyumbani picha uliyoianza kama mfano wa darasani ukitumaini kuimalizia, hata kama imependeza. Ikate vipande, wanafunzi wajaribie rangi nyuma yake. Kwa picha zako tumia ukubwa ambao hauutumii shuleni, na rangi nyingine pia. Kama darasani mnatumia rangi za maji na karatasi, basi nyumbani fanya kazi juu ya kitambaa, hata kile cha amerikani unachoweza kukikaza mwenyewe kwenye fremu na kukipaka tabaka mbili au tatu za rangi nyeupe ya msingi. Tena, acha kabisa kuugusa mchoro wa mwanafunzi kwa brashi yako. Akikwama, mwonyeshe kwenye kipande cha karatasi pembeni, kisha mwachie aamue. Mwanafunzi anabaki mwenye picha yake, nawe unarudi nyumbani ukiwa hujamaliza picha za watu 40.

Ukishatenga kazi hizo mbili, utakutana na swali la kuchora nini, na swali hilo huwameza walimu wengi kwa sababu kila jioni wanaanza na wazo jipya. Mchoraji Sam Ntiro anafaa kutazamwa hapa, na kwako ni mtu wa nyumbani, kwani alizaliwa Machame mwaka 1923. Alifundisha Makerere, akasoma katika shule ya sanaa ya Slade jijini London kati ya 1952 na 1955, akarudi kufundisha, baadaye akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, na akaja kushika kazi ya utamaduni serikalini na ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni vigumu kufikiria ratiba iliyojaa kuliko hiyo, na bado aliendelea kuchora. Ukizitazama picha zake unaona kwa nini iliwezekana: muda wote alichora maisha ya vijijini Uchagani, mashamba, mifugo, migomba na watu wakifanya kazi pamoja, tena akichora kwa kumbukumbu. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA. Mtu mwenye somo moja la kudumu hapotezi jioni akitafuta cha kuchora. Akipata nusu saa, anaendelea pale alipofika. Nakushauri uchague somo moja la kukaa nalo mwaka mzima, liwe karibu nawe kiasi cha kuliona kila siku unapokwenda na kurudi kazini. Linaweza kuwa mfereji wa maji, wauza ndizi wa barabarani, au mlima unaojificha na kujitokeza. Usiogope kwamba litaisha.

Sasa nije kwenye zile jioni mbili. Nimependekeza uziache kwa sababu ya mwanga na kwa sababu ya fedha.

Moshi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja jioni mwaka mzima. Ukitoka shuleni saa kumi alasiri, unabakiwa na takriban saa mbili za mwanga wa kweli, na siku mbili kati ya tano mwanga huo unauacha kwenye bodaboda na sebuleni kwa watu. Usiku hautoi badala yake. Taa ya nyumbani ikiwa ya mwanga wa manjano, chini yake bluu hufifia na kuonekana nzito, nayo njano hupotea ndani ya nyeupe, kwa hiyo asubuhi unaikuta picha ambayo hukuichora. Ukilazimika kufanya kazi usiku, nunua taa ya LED ya mwanga mweupe, iliyoandikwa kwenye boksi kati ya 5000K na 6500K. Hata ukiwa nayo, usiku ninaupendekezea kazi zisizotegemea rangi: kupanga picha, kuchora kwa mkaa, kukaza kitambaa, kuandaa ubao. Rangi yenyewe ingoje alasiri.

Kuhusu fedha, naomba ukae na kalamu. Tuseme kila mtoto wa Jumamosi analipa shilingi 10,000. Watoto 14 ni shilingi 140,000. Toa 35,000 za karatasi na rangi, zinabaki 105,000. Darasa ni la saa tatu, lakini ukijumlisha maandalizi, usafi na ujumbe wa wazazi kwenye simu, zinafika saa sita, yaani shilingi 17,500 kwa saa. Tuseme mtu mzima mmoja analipa 30,000 kwa somo la saa moja na nusu. Nauli ya kwenda na kurudi inachukua 6,000, na ukihesabu safari, maandalizi na yale mazungumzo ya chai ambayo adabu haikuruhusu kuyakata, zimekwenda saa nne. Umebakiwa na shilingi 6,000 kwa saa, karibu theluthi moja ya kile unachopata Jumamosi. Weka tarakimu zako halisi mahali pa hizi za mfano, nami natarajia utapata picha inayofanana. Somo la jioni huonekana lina malipo mazuri kwa sababu fedha inatolewa mkononi siku hiyo hiyo, lakini ndilo linalokugharimu mwanga.

Hao watu wazima wawili si lazima uwapoteze. Waandikie kwa heshima, kwa mfano hivi: “Ndugu yangu, kuanzia mwezi ujao sitakuwa na nafasi ya kuja nyumbani. Ninaanzisha kikao cha kuchora nyumbani kwangu Jumamosi alasiri, ambapo kila mmoja atafanya kazi yake nami nitafanya yangu, na saa ya mwisho nitapitia kazi ya kila mtu. Ukipenda, karibu sana.” Atakayekuja anakuja akijua masharti, na atakayekataa amekurudishia jioni yako.

Mtindo huo wa mwalimu kufanya kazi yake mbele ya wanaojifunza una mizizi kwetu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na hadi alipofariki mwaka 1972 alikuwa amekwisha kuwapa ujuzi vijana kadhaa, wengi wao ndugu zake, kwa njia ya kukaa nao na kufanya kazi pamoja nao. Hakuwa na andalio la somo. Vijana walitazama, wakashika brashi, wakasahihishwa. Njia hiyo ina hatari yake, nayo ni kwamba wanafunzi huishia kuchora kama fundi wao. Mchoraji Elimo Njau wa Marangu, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, amepinga unakili maisha yake yote, nami niko upande wake. Kwa hiyo katika kikao chako kila mtu aje na somo lake, nawe usimpe mtu picha yako aifuate. Kwa watoto wadogo mtindo huu haufai, kwa sababu wanahitaji macho yako yote, na si haki kuwatoza wazazi ada huku umewageuzia watoto mgongo.

Darasa la watoto linapungua uzito kwa njia nyingine. Badala ya kutafuta kazi mpya kila wiki, wape kazi ya majuma matatu: wiki ya kwanza kuchora, ya pili kupaka, ya tatu kumalizia na kueleza walichofanya. Maandalizi yako yanabaki theluthi, na watoto wanajifunza jambo ambalo shule huwafundisha kwa nadra, yaani kuirudia kazi iliyokwisha kuanzwa. Brashi waoshe wenyewe. Shuleni nako, azimio la kazi na vielelezo vya muhula mzima viandae wakati wa likizo, na kazi za vitendo zisahihishe darasani ukiwa umesimama na mwenye kazi, ili mabunda ya karatasi yasikufuate nyumbani. Kwenye wiki ya zamu na majuma ya mitihani usijidai kuchora. Beba daftari dogo, chora mistari michache wakati wa mapumziko, basi.

Saa mbili za alasiri zitakutosha endapo hutazitumia kuanza upya kila siku. Walimu wenye nidhamu hupenda kufikisha kazi mahali palipokamilika kabla ya kuacha, na kwa picha desturi hiyo inawaumiza. Wewe acha katikati, ukiwa bado unajua kinachofuata, kisha andika kwa penseli nyuma ya fremu maneno mafupi: “Kesho: kivuli cha kibanda, kiwe na bluu zaidi, usiguse anga.” Siku ya pili huhitaji kuamua lolote ili uanze, unatii tu maandishi yako, na baada ya dakika kumi jicho limeamka. Kama una kona yoyote ya nyumba ambayo haitumiwi kwa chakula wala kulala, iwe ya picha na isihamishwe. Kutandika meza na kuikunja tena kunaweza kumaliza nusu ya muda wako.

Chagua pia vifaa vinavyolingana na muda huo. Rangi ya akriliki hukauka haraka, jambo linalosaidia unapotaka kupaka tabaka juu ya tabaka jioni hiyo hiyo, na rangi uliyoichanganya hubaki hai siku kadhaa ukiiweka juu ya karatasi ya kuokea iliyotandikwa kwenye kitambaa chenye unyevu, ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko. Rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa kukauka hata kwa kuguswa, kwa hiyo unaweza kuikuta bado laini kesho yake, lakini tapentaini haifai kwenye chumba wanacholala watu, na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani havipaswi kurundikwa, kwa kuwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke. Kwa hali yako ningeanza na akriliki. Ukiona hata hiyo inakulemea, shika mkaa peke yake. Mchoraji Georgia O'Keeffe alipokuwa mwalimu katika chuo kimoja cha South Carolina, Marekani, mwishoni mwa 1915, aliweka rangi kando akachora kwa mkaa tu, na michoro hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye maonyesho ya New York mwaka 1916. Chuoni pale alikuwa na vipindi vichache, na vifaa vyake havikuhitaji kutandikwa wala kuoshwa.

Picha kubwa ziwekee likizo ya Juni na ya Desemba, nawe uzilinde likizo hizo kabla hazijafika, maana mialiko na masomo ya ziada huziwahi. Mchoraji Alma Thomas wa Marekani alifundisha sanaa katika shule moja ya Washington kwa takriban miaka 35, hadi alipostaafu mwaka 1960. Katika miaka hiyo alitumia majira ya joto kusoma New York hadi akapata shahada ya uzamili mwaka 1934, na katika miaka ya 1950 alirudi darasani kama mwanafunzi wa uchoraji huku bado ni mwalimu. Picha zilizompa jina zilikuja baada ya kustaafu, na mwaka 1972, akiwa na miaka 80, akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata maonyesho ya peke yake katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Simtaji ili nikuambie ungoje kustaafu. Ningesikitika sana ukingoja. Namtaja kwa sababu katika miaka ya ualimu alirudi tena na tena kujifunza kwa ajili yake mwenyewe, na hilo lilifanya mkono wake uwe tayari muda ulipopatikana.

Tafuta pia mchoraji mmoja, mwalimu au asiye mwalimu, mtakayeonyeshana kazi kila mwisho wa mwezi hata kama haijaisha. Mwalimu huishi miongoni mwa watu anaowakosoa, na miaka inaweza kupita bila mtu yeyote kumwambia kwamba anga yake imekufa au kwamba kona ile ya chini ndiyo bora kuliko picha nzima. Maneno hayo unayahitaji kuliko sifa za wazazi wa Jumamosi.

Sijagusa yale ambayo darasa hukupa, na yapo. Mtoto anapouliza kwa nini kivuli cha ukuta mweupe ni cha bluu, anakurudisha kwenye jambo ulilokwisha kuacha kulitazama. Yaandike maswali hayo nyuma ya daftari lako, uyajibu kwa rangi nyumbani.

Kuhusu kuacha ajira, lifikirie tena utakapokuwa na picha 15 au 20 za somo hilo moja, zinazoweza kutundikwa pamoja bila kuona haya, na mauzo yake pamoja na ada za Jumamosi yakiwa yamelingana na mshahara wako kwa mwaka mzima, ukihesabu na ile miezi ambayo hakuna mtu anayenunua kitu. Katika hesabu ya mshahara jumlisha bima ya afya na mchango wa pensheni, ambavyo mtu aliyejiajiri hujilipia mwenyewe. Kabla ya hapo, kama unataka kupunguza mzigo zaidi, mwendee mkuu wa shule umwombe vipindi vyako vya sanaa viwekwe mfululizo katika siku chache badala ya kutawanywa wiki nzima. Ombi hilo lipeleke mwezi Novemba, wakati ratiba ya mwaka unaofuata bado haijapangwa.